Paka Hana Roho Saba: Imani Zetu na Gharama za Kumtunza Paka

Mashamba ya tambarare mahindi yameanza kukauka, na wengi wenu mnajiandaa kuyapandisha nyumbani kwenye vihamba. Msimu kama huu huwa naandika juu ya dumuzi, unyevu na mifuko isiyopitisha hewa. Leo nataka tuzungumze juu ya mlinzi wa stoo ambaye karibu kila nyumba ya Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu mpaka Mwika anaye, na hakuna anayemtengea hata shilingi. Namzungumzia paka.

Ninapopita kwenye kaya kuangalia ng'ombe wa maziwa, mwenye nyumba hunionyesha kadi ya uhimilishaji, ananitajia tarehe ya kuogesha, anakumbuka hadi jina la dawa ya minyoo ya mwaka jana. Nikiuliza paka amechanjwa lini, watu wanacheka. "Afisa, paka naye anachanjwa?" Mwingine ananijibu kabisa kwamba paka ana roho saba, akiumwa anakwenda kula majani porini na kurudi mzima. Wapo pia wanaoniomba nisimguse kwa sababu ni mweusi.

Mimi si mtu wa kudharau mambo ya wazee. Lakini maoni yangu, baada ya miaka kadhaa ya kazi hii, ni kwamba imani zetu kuhusu paka zina bei, na bei hiyo inalipwa na mwenye nyumba: kwa mahindi, kwa mimba za mbuzi, na mara nyingine kwa uhai wa mtoto. Gharama ya kumtunza paka vizuri ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Gharama ya kumwacha ndiyo kubwa.

Paka alifikaje jikoni kwetu

Bibi zetu wana hadithi inayosimuliwa kwa namna nyingi hapa Afrika Mashariki. Paka alikuwa porini, akatafuta mwenzi mwenye nguvu kuliko wote ili aishi salama. Akaishi na chui, siku moja akaona chui anamkimbia simba. Akahamia kwa simba, simba naye akampisha tembo njia. Akaenda kwa tembo, tembo akauawa na mwindaji. Paka akamfuata mwindaji nyumbani, akiamini sasa amefika. Walipofika mlangoni mke wa mwindaji akamnyang'anya mumewe nyama, akamfokea kwa kuchelewa, na mume akanyamaza kimya. Paka akaingia jikoni akalala karibu na mafiga, hajatoka mpaka leo.

Hadithi hii huwa naipenda kwa sababu kina mama wakiisikia mkutanoni wanaamka hata waliokuwa wanasinzia. Wataalamu wa mambo ya kale wana simulizi yao, nayo haiko mbali sana. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye ndugu zake bado wako kwenye mapori yetu. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walifuata nafaka, na paka akafuata panya. Kisiwani Cyprus lilichimbuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya paka kwa binadamu ilikuwa kulinda stoo, na ndiyo kazi aliyonayo kwako mpaka leo, iwe stoo yako ni kihenge, chumba cha uani au duka la nafaka pale Kiboriloni.

Roho saba na mengine

Waingereza wanasema paka ana roho tisa, sisi tunasema saba. Chanzo ni kimoja. Paka akianguka kutoka darini hujigeuza hewani na kutua kwa miguu, kwa hiyo tunamwona anaponea pale ambapo mbwa angevunjika. Tena paka mgonjwa hujificha. Anakwenda chini ya kitanda, kwenye migomba au darini, anakaa huko siku tatu. Akipona anarudi, na tunasema ameshatumia roho moja. Akifa hatumwoni, tunasema amehama. Waliopona tunawahesabu, waliokufa hatuwahesabu, ndiyo maana hesabu yetu haijawahi kukaa sawa.

Kuhusu majani, ni kweli paka hula majani na mara nyingi hutapika baadaye. Hiyo haiui minyoo tegu, haizuii kichaa, haitibu kidonda. Paka ambaye manyoya yake yamesimama, tumbo limejaa na mgongo umechongoka ana minyoo, na majani hayatamsaidia.

Kuna wanaosema manyoya ya paka yanaleta kifua kikuu. Hayaleti. Kifua kikuu kinatokana na bakteria na kwa kawaida mtu anakipata kwa mtu mwenzake. Ila mtu mwenye pumu au mzio anaweza kubanwa kweli kweli akikaa na paka, kwa hiyo mtoto mwenye pumu asilale chumba kimoja na paka. Hapo wazee waliona kitu, wakakosea jina tu.

Sasa paka mweusi. Rangi nyeusi ya paka inarithiwa kutoka kwa wazazi, sawasawa na ng'ombe wako mweusi au kuku wako mweusi, ambao hujawahi kuwashuku. Uingereza na Japani wapo wengi wanaoamini paka mweusi huleta bahati. Kule pwani na Zanzibar paka wa rangi yoyote huonekana amelala kivulini barazani mwa msikiti bila kufukuzwa, kwa sababu mafundisho ya Kiislamu hayamhesabu kuwa najisi. Sahaba Abu Huraira jina lake lenyewe maana yake ni baba wa paka mdogo. Paka ni yule yule, macho yake yanang'aa usiku kwa sababu ile ile ya utando unaorudisha mwanga nyuma ya jicho, lakini mahali pamoja anapewa samaki na mahali pengine anapigwa mawe.

Kama imani hii ingeishia kumnyima paka mweusi mlo, nisingeiandikia makala. Inaishia pabaya zaidi.

Jina la kichaa cha mbwa linatudanganya

Ugonjwa tunauita kichaa cha mbwa, na jina hilo limewafanya watu wengi waamini kwamba ni wa mbwa peke yake. Paka anaupata, ng'ombe anaupata, mbuzi anaupata, binadamu anaupata. Paka hung'atwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye kichaa, au hupigana na paka mwenzake usiku. Wiki au miezi baadaye tabia inabadilika.

Zingatia dalili hizi, maana ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Paka mpole anajificha gizani, halafu ghafla anamrukia mtu bila kuchokozwa. Sauti yake inabadilika, inakuwa nzito na ngeni, analia usiku kucha. Macho yanatoa, mboni zinapanuka. Mate yanatiririka. Anatembea kama aliyelewa, miguu ya nyuma inalegea. Paka aliyekuwa anamkimbia mgeni sasa hamwogopi mtu.

Mweleze mtu yeyote wa kijijini dalili hizo bila kutaja ugonjwa, halafu umwulize ni nini. Atakwambia ametumwa. Na paka huyo akiwa mweusi, mjadala umekwisha.

Mwaka juzi katika kijiji kimoja cha ukanda wa juu paka alimrukia mama jikoni, akamng'ata mkono, akamkwaruza mtoto wa miaka 6 aliyekuwa anakoka moto. Majirani walikuja wakamuua paka, wakamchoma kwa mafuta ya taa pale pale, majivu wakayazika mbali. Mama alipakwa majani na kuwekewa jiwe la nyoka kwenye kidonda. Mjadala wa siku 2 zilizofuata ulikuwa nani mwenye paka, na nani kati ya majirani ana ugomvi na familia ile. Hospitali hakuna aliyeitaja. Mimi nilisikia habari hiyo siku ya tatu, kwenye foleni ya maziwa, ikisimuliwa kama habari ya uchawi.

Tukawapeleka wote wawili hospitali. Kwa kuwa paka alishachomwa, hapakuwa na kichwa cha kupeleka maabara wala mnyama wa kumwangalia, kwa hiyo haikuwezekana kujua kama alikuwa na kichaa au la. Walilazimika kupata dozi zote. Familia iliuza mbuzi jike mwenye mimba ili kulipia chanjo na nauli za kupanda na kushuka. Mama na mtoto wako salama. Ile nyumba ya jirani iliyotajwa kuwa ndiyo iliyotuma paka, hadi leo hawasalimiani.

Naomba tuelewane hapa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, ni kifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania tulikuwa tunapoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wakiwa watoto wa vijijini. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa unazuilika kabisa. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na paka au mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Maji ya mfongo yanafaa kama bomba liko mbali, ilimradi yawe yanatembea na sabuni iwepo. Usipake majivu, usiweke jiwe, usifunge kidonda. Siku hiyo hiyo nenda hospitali, ukianzia kituo cha afya ulicho nacho karibu, wakuelekeze chanjo iko wapi.

Paka usimuue kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu. Mfunike kwa tenga au mfungie chumbani, mpe maji, piga simu kwa afisa mifugo. Tutamwangalia siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi hakuwa na virusi mateni alipong'ata, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Hiyo ni pesa inayobaki mfukoni mwako. Lakini usisubiri hizo siku 10 nyumbani ndipo uende hospitali. Chanjo inaanza kwanza, paka anaangaliwa huku mtu anaendelea na dozi. Na ikibidi auawe, asipigwe kichwani na asichomwe. Tuiteni tuchukue sampuli.

Tufanye hesabu

Bei nitakazotaja ni makadirio ya kupangia bajeti, kutokana na ninachokiona kwenye maduka ya dawa za mifugo Moshi mjini na Himo. Zinapanda na kushuka, kwa hiyo uliza kabla hujatoa pesa.

Chanjo ya kichaa anapewa paka akifikisha miezi 3, kisha inarudiwa kila mwaka. Ukimwita mtaalamu nyumbani panga kama shilingi 5,000, na mkikusanyika kaya kadhaa inashuka, kwa sababu chupa moja inachanja wanyama wengi na ikishafunguliwa haikai. Siku za kampeni mara nyingi huwa bure. Sikiliza matangazo, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Dawa ya minyoo kwa paka mkubwa kila miezi 3. Ukipanga shilingi 2,500 kwa kila mara, kwa mwaka ni 10,000. Watoto wa paka huanza mapema, wakiwa na wiki 3, na kurudiwa kila wiki 2 mpaka waachishwe. Viroboto, tenga 10,000 kwa mwaka. Hapo tumefika 25,000. Weka pembeni 15,000 ya dharura, kama jipu la kuumwa na paka shume au mfupa uliokwama. Jumla 40,000 kwa mwaka, na ule wa dharura usipotumika unabaki wako.

Chakula sikihesabu sana, ila nina neno. Watu hufikiri paka anaweza kuishi kwa ugali na maziwa. Hawezi. Mwili wake unahitaji kitu kinachopatikana kwenye nyama na samaki peke yake, akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unachoka. Dagaa kidogo kila siku wanatosha kuongezea kwenye panya anaowakamata. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, afadhali ukayapeleka kwenye chama cha maziwa. Na ile desturi ya kumshindisha njaa ili awinde haina faida. Paka aliyeshiba bado anawinda, maana kuwinda kwake ni asili. Mwenye njaa anakwenda kuiba kuku wa jirani, na hapo gharama inakuwa ya kesi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Sasa upande wa pili wa daftari. Panya wa darini mmoja anakula nafaka kama gramu 15 kwa siku. Wakiwa 20, na kwenye nyumba yenye stoo 20 ni wachache, wanakula gramu 300 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 9, zaidi ya nusu debe. Kwa mwaka ni kilo 109 na nusu, yaani gunia zima na chenji. Zidisha mwenyewe kwa bei ya gunia unayoijua leo. Hapo hatujahesabu kinyesi na mkojo, wala mfuko usiopitisha hewa ulionunua kwa takribani shilingi 5,000 ambao tundu moja tu la panya limeugeuza kuwa kiroba cha kawaida na kuwakaribisha dumuzi.

Na panya hawali tu wakaondoka. Mwaka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua na wengine kufa kwa ugonjwa uliogunduliwa kuwa homa ya mgunda, ambao unaenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Milima ya Lushoto, ambayo si mbali na sisi, ilisumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20, na maelfu ya watu waliugua. Tauni inabebwa na viroboto wa panya. Hapa niseme ukweli wote: paka naye anaweza kuugua tauni na kuiambukiza, ndiyo sababu nyingine ya kumtunza na kumwondolea viroboto badala ya kumwachia aishi kama mwitu.

Paka peke yake hamalizi panya. Panya wakubwa anawaogopa, kazi yake nzuri ni kwa wadogo na kwa wale wanaojaribu kuhamia. Anahitaji usaidizi wako: ziba matundu, inua magunia kwenye vichanja, weka kola za bati kwenye miguu ya kihenge, safisha makapi. Ila wazee waliosema paka akiondoka panya hutawala walikuwa wameona stoo zao wenyewe.

Wafanyabiashara wa nafaka, hapa nawagusa ninyi. Nimeona ghala ambalo mwenyewe alifukuza paka wawili weusi kwa sababu mteja alisema duka lina mambo. Mwezi uliofuata alinunua sumu ya panya ya vipakiti, ile isiyo na lebo inayouzwa mkononi sokoni, akaimwaga kati ya magunia ya chakula cha watu. Sumu hizo baadhi yake ni za hatari kubwa, na mtu anayeziuza hajui kilichomo. Panya aliyekula sumu akikamatwa na paka, paka naye anakufa. Unabaki huna paka, panya waliobaki wanazaana upya, na magunia yako hayana usalama. Ukilazimika kutumia sumu, nunua iliyosajiliwa yenye lebo, iweke kwenye kasha la chambo, fungia paka, okota mizoga ufukie.

Dawa zinazoua paka

Sehemu hii ikateni mbandike jikoni. Paka hajaumbwa kama mbwa wala ng'ombe, ini lake halisagi dawa nyingi tunazozijua. Kidonge kimoja cha Panadol, parasetamoli ile ya miligramu 500, kinatosha kumuua paka mzima. Ameona homa, umemwonea huruma, umempa nusu, kesho ufizi umekuwa wa kahawia na anahema kwa shida. Usimpe kabisa.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni hatari vile vile. Nyingi zina pairethroidi au amitrazi, na paka akiogeshwa anatetemeka, anadondosha mate, anakufa siku hiyo hiyo. Msimamo wangu ni kwamba nusu ya vifo vinavyosemwa "karogwa" kwenye nyumba zenye mifugo, ukiuliza vizuri utasikia jana yake kulikuwa na siku ya kuogesha na mtu alimkumbuka paka. Oili chafu na mafuta ya taa pia acheni. Paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote unachompaka mgongoni ujue umemlisha. Nunua dawa ya viroboto iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Ikiwa imeandikwa ya mbwa pekee, iache dukani. Na fagia anapolala, choma matandiko ya zamani, maana viroboto wengi wanakaa sakafuni kuliko mwilini.

Mbuzi wanaotupa mimba

Wenye mbuzi na kondoo wa bandani, angalieni paka wenu wanajisaidia wapi. Paka, hasa mdogo anayeanza kuwinda, anaweza kutoa kwenye kinyesi vimelea vya toksoplasmosi. Kinyesi kikiingia kwenye majani makavu au pumba, mbuzi mjamzito akila anaweza kutupa mimba. Funika pumba, zuia paka asizalie juu ya majani ya mifugo. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka kwa mikono mitupu, na bustani ya mchicha ilimwe kwa glovu au angalau mikono ioshwe kwa sabuni. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa sababu vimelea hivyo huchukua siku moja au zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza. Hii si sababu ya kumfukuza paka wala kumfukuza mke. Niliwahi kuulizwa yote mawili.

Paka wa Desemba

Kila Desemba watu wetu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na siku hizi baadhi wanakuja na paka wa mjini kwenye kikapu, mwenye chakula cha pakiti na kadi ya kliniki. Januari gari linajaa ndizi na parachichi, paka anaachwa kwa bibi. Bibi hana pesa ya kliniki, na paka huyo hajui kuwinda. Kama humrudishi, mwachie bibi pesa yake ya mwaka, ile 40,000 tuliyoipiga hapo juu, na kadi ya chanjo. Kumtupa mnyama ni ukatili, na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Wengi wanatupa paka kwa sababu wamezidi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 5 au 6, anabeba wiki 9, anazaa watoto 3 mpaka 6, na kabla hujawagawa anabeba tena. Wanaishia kwenye kiroba kando ya mto. Kumfunga kizazi jike au kumhasi dume ni gharama ya mara moja, ila ndiyo kubwa kuliko zote. Panga 50,000 au zaidi kwa jike, dume ni nafuu. Najua ni nyingi. Ndugu wa ukoo wenye vihamba vinavyopakana wanaweza kuchangia, kwani paka wenyewe hawajui mpaka wa masale. Kama mna paka 3 wa kuwafanyia, mtaalamu anakuja mara moja na nauli mnagawana. Dume aliyehasiwa hazururi, hapigani, na kwa hiyo hang'atwi ovyo, jambo linalomweka mbali na kichaa.

Sasa kuhusu siku ya chanjo. Mbwa mnawaleta kwa kamba, paka wanabaki nyumbani kwa sababu hawashikiki. Jioni ya kuamkia siku hiyo mfungie ndani, maana asubuhi hutampata. Mlete kwenye tenga la kuku lililofunikwa kwa khanga na kufungwa kamba, au kwenye kiroba safi chenye matundu ya hewa, paka mmoja kila kiroba. Asiletwe mikononi, mbwa wakibweka atakuchana uso. Mtoto asitumwe kumleta. Njoo na daftari dogo tuandike tarehe na rangi ya paka, na ukifika mwambie aliyeko mezani kwamba una paka, tutakuita mapema kabla mbwa hawajawa wengi.